Lugha gani ya kigeni ujifunze? Jedwali la ugumu halikupimwa kwetu

Ukiuliza watu lugha gani ya kigeni wangetamani kuijua, kuna atakayetaja Kikorea kwa sababu ya tamthilia, Kifaransa kwa sababu kinamvutia masikioni, Kijerumani kwa sababu amesomea uuguzi na anatafuta njia ya kutoka, Kichina kwa sababu ya mzigo wa Guangzhou, Kiarabu kwa sababu ya dini au kazi ya Ghuba. Halafu, kabla hajamaliza, ataongeza: "Lakini nasikia ni ngumu."

Hapo kuna mambo matatu yamefungwa fundo moja: unachokipenda, unachokihitaji na unachokiogopa. La kwanza halina mjadala, kila mtu na moyo wake. La pili lina hesabu, na tutaipiga. La tatu ndilo linalopotosha wengi, kwa kuwa habari tulizonazo kuhusu lugha ipi ngumu na ipi nyepesi zimepimwa kwa watu waliokua wakizungumza Kiingereza.

Jedwali linalozunguka mitandaoni asili yake ni Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani. Mwanafunzi wa pale anakaa darasani saa 25 kwa wiki, darasa dogo, na analipwa mshahara akisoma. Kwa mtu huyo Kihispania huchukua wiki 24 hadi 30, Kituruki wiki 44, na Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea wiki 88, yaani saa 2,200. Kijerumani wamekipa wiki 36. Na Kiswahili? Nacho wiki 36, sawa na Kijerumani.

Tuizingatie namba hiyo ya mwisho. Kinachomtoa jasho Mmarekani katika Kiswahili ni ngeli na viambishi, vitu ambavyo mtoto wa miaka mitano Tanga au Lubumbashi havimsumbui. Jedwali linapima umbali kati ya lugha mbili, halipimi ugumu wa lugha yenyewe. Ukihamisha mahali pa kuanzia, umbali wote unabadilika.

Ulicho nacho tayari

Msemaji wa Kiswahili ana irabu tano safi: a, e, i, o, u. Kihispania kina hizo hizo tano, na Kijapani tano zinazokaribiana nazo sana, tena silabi nyingi za Kijapani huishia kwa irabu kama zetu. Ndiyo maana jina kama Nakamura au Yokohama tunalitamka bila kujifunza. Kijapani hutofautisha irabu fupi na ndefu, jambo linalowachanganya wageni wengi: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi kizee. Kwetu ni mambo ya kufa na kufaa, jozi tunayoitofautisha kila siku. Maandishi ndiyo mlima wenyewe, kwa kuwa orodha rasmi ya herufi za Kichina zinazotumika Japani ina herufi 2,136.

Cha pili ni upatanisho. Kiti kikubwa kimevunjika, mti mkubwa umeanguka: nomino moja inaburuta sentensi nzima nyuma yake. Mtu aliyezoea hivyo hashangai akiambiwa kuwa nomino za Kijerumani zina makundi matatu, au za Kifaransa mawili. Sisi tuna ngeli zaidi ya kumi.

Cha tatu ni maneno yanayoungwa vipande vipande. "Hatutawaambia" ni sentensi kamili ndani ya neno moja. Kituruki hufanya vivyo hivyo, ila vipande vinakaa nyuma: anlamıyorum ni "sielewi", ambapo anla ni elewa, mı ni ukanushi, yor ni wakati uliopo na um ni mimi. Hata ile -ni ya "nyumbani" inayo mwenzake, kwa maana ev ni nyumba na evde ni nyumbani. Zaidi ya hapo, Kituruki hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, kama sisi na "yeye" wetu. Wiki 44 za Mmarekani si wiki 44 zako.

Yapo pia tusiyokuwa nayo, na hayo ndiyo hutuangusha. Kiswahili hakina vibainishi vya kukaa mbele ya nomino kama vile Wazungu wanavyovitumia, mfano the ya Kiingereza, kwa hiyo makosa ya kwanza ya mwanafunzi wetu katika Kifaransa au Kijerumani ni kuviruka. Hatuna jinsia katika "yeye", kwa hiyo dada wa mtu anageuka kaka katikati ya hadithi. Dawa yake ya kawaida ni kutumia jina la mtu badala ya kiwakilishi kwa miezi michache ya mwanzo, mpaka mdomo uzoee. Na silabi zetu hazipendi konsonanti kurundikana: Herbst, neno la Kijerumani la majira ya majani kupukutika, linatoka "Herbisti". Ukitaka kulirekebisha anzia nyuma: tamka "st" peke yake, kisha "bst", kisha neno zima, huku ukijirekodi kwa simu, maana sikio lako mwenyewe husamehe ile i ya ziada.

Kiarabu: karibu kuliko wanavyosema, lakini Kiarabu kipi?

Kwa Mmarekani Kiarabu kiko kwenye kundi la mwisho. Kwetu nusu ya kamusi ya mwanzo tumeshaizoea. Kuhesabu kwa makumi tayari: ishirini, thelathini, arubaini, hamsini, hadi tisini, kisha mia na elfu. Lenye faida kubwa zaidi ni mizizi. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti, mara nyingi tatu, na sisi tumeazima familia nzima nzima bila kujua. H-k-m imetupa hukumu, hakimu, mahakama na hekima. D-r-s imetupa darasa na madrasa. Elimu, mwalimu na maalumu zimetoka nyumba moja. Kitabu, katibu na maktaba nyingine. Mwanafunzi anayeanza kwa kuandika katika daftari mizizi 50 anayoijua kwa Kiswahili, kisha kutafuta wenzake katika kamusi ya Kiarabu, anapata msamiati ambao mgeni mwingine angeukariri neno moja moja.

Mtego uko katika sauti. Maneno yalipoingia Kiswahili tuliyalainisha. Habari, haki, hewa: kwetu zote zinaanza na H moja. Kwa Kiarabu ni herufi tatu tofauti. Habari ni خ, ile kh ya "kheri" inayokwaruza kooni. Haki ni ح, pumzi kavu inayotoka chini ya koo kama ya mtu anayepuliza miwani ili aifute. Hewa ni ه, h yetu ya kawaida. Mtihani wa nyumbani ni rahisi: chukua maneno hayo matatu, sikiliza matamshi ya Mwarabu, kisha fumba macho ujaribu kutambua lipi ni lipi. Ukishindwa zaidi ya mara mbili katika kumi, usiende mbele, kwa sababu makosa hayo yatakufuata kila mahali. Ndivyo ilivyo kwa q na k, ambapo qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Wasemaji wa bara wanaosema "samani" wakimaanisha thamani wana kazi ya ziada ya kurudisha th na dh kwanza. Wa pwani wanaanza wakiwa mbele kidogo.

Maneno mengine yamebadilika maana njiani. Barua ya Kiswahili, kwa Kiarabu cha leo, ni risala. Neno baraa, asili ya barua yetu, leo ni kutokuwa na hatia. Labda yetu ina shaka, ilhali laa budda ya Kiarabu ni "hapana budi", ni lazima. Ukimwambia bosi laa budda ukidhani unasema labda, umeshaahidi.

Sasa lile swali linaloumiza wengi: Kiarabu kipi? Kiarabu fasaha ni cha vitabu, habari za redio na hotuba. Hakuna anayekitumia jikoni. Maji kwa fasaha ni maa, Ghuba wanasema maay, Hijaz mooya, Misri mayya. Chukua neno eesh. Misri ni mkate. Katika nchi kadhaa za Ghuba ni wali. Msichana wa kazi aliyejifunza kwa video za Kimisri akaambiwa alete eesh, ataleta mkate huku watu wanasubiri wali. Kosa dogo, lakini likirudiwa mara tano kwa siku katika nyumba ambayo wewe ndiye mgeni, si dogo tena.

Kwa hiyo anayekwenda kufanya kazi Saudia, Oman au Imarati aanze na herufi 28 na sauti zake, kazi ya wiki tatu hadi nne kwa asiyepita madrasa, kisha aende moja kwa moja kwenye lahaja ya anakokwenda: maneno ya nyumba, chakula, muda, fedha, ugonjwa. Sarufi ya fasaha inaweza kungoja. Anayetaka chuo, dini au tafsiri afuate njia ya pili: fasaha kwanza, lahaja baadaye. Aliyehitimu madrasa ana usomaji na ana matamshi, na hilo ni jambo kubwa, lakini kusoma kwa tajwidi hakumpi mtu uwezo wa kuulizia kituo cha basi. Anachokihitaji ni masikio na vitenzi vya kila siku, na huwa anavipata haraka akikubali kuwa ni mwanafunzi upya.

Kijerumani: lugha yenye vizingiti vilivyoandikwa

Kijerumani kinapendwa kwa sababu isiyo ya mapenzi: mlango una kufuli na kufuli lina namba. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Berlin mnamo Septemba 2024, na hata bila mkataba huo njia zilikuwapo. Kila njia inataja kiwango kwa herufi za mfumo wa Ulaya, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea. Anayemfuata mwenzi wake wa ndoa kwa kawaida huombwa A1, kama anayekwenda kulea watoto katika familia. Mafunzo ya ufundi kazini hutaka B1 au B2, kutegemea fani na shule. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kikamilifu, kwa kawaida B2. Chuo kikuu kwa Kijerumani, karibu na C1.

Wanaokatishwa tamaa ni wale waliosikia "miezi sita". Tupige hesabu. Goethe-Institut, yenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, hukadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1, na 600 hadi 800 kufika B2, kuanzia sifuri. Vipindi 800 ni saa 600 za darasani. Ukisoma saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 60, mwaka na zaidi, bila kazi za nyumbani na bila likizo. Ukisoma nusu saa kwa siku kila siku, ni wiki 171: miaka mitatu na ushee. Miezi sita inawezekana kwa mtu asiye na kazi nyingine, anayekaa darasani saa nne kila siku na kurudia saa mbili nyumbani. Anayeahidiwa B2 kwa miezi mitatu ya jioni anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tukija kwenye lugha yenyewe, ile der, die, das inayoogopwa ni ngeli tu. Tofauti ni kwamba ngeli zetu mara nyingi huonekana usoni mwa neno (ki-, m-, u-), na za Kijerumani zimejificha. Zipo dalili nyuma: nomino zenye -ung, -heit, -keit na -schaft ni die, zenye -chen na -lein ni das, ndiyo maana Mädchen, msichana, ni das na si die, zenye -ling na -ismus ni der. Kwa zilizobaki, usiandike kamwe nomino peke yake daftarini. Andika der Tisch, die Tür, das Haus, kama vile usivyoweza kulijua "ua" mpaka ujue ni maua au nyua.

Shida yetu ya kweli iko kwenye kitenzi. Sisi tunaweka mtendaji, wakati na tendo mwanzoni: nimenunua samaki jana Mombasa. Mjerumani anasema Ich habe gestern in Mombasa einen Fisch gekauft, na "nunua" inakuja kituo cha mwisho. Katika sentensi tegemezi hali ni ile ile: Ich weiß, dass er heute nicht kommt, ninajua kwamba yeye leo haji, huku "kuja" ikifunga mlango. Msikilizaji wetu hukata tamaa katikati kwa sababu bado hajasikia tendo. Zoezi linalosaidia ni kuchukua sentensi 10 fupi za jana, "nilikula", "nilienda", "niliona", na kuzisema kwa mdomo kila jioni kwa mpangilio wa Kijerumani. Kwa mdomo, si kwa kuandika, kwa kuwa kalamu inakupa muda ambao mazungumzo hayakupi.

Sauti mpya ni chache. Ch ya ach ni kh yetu. Ü inapatikana kwa kusema "i" huku midomo imeviringwa kama ya kusema "u". Ö kwa kusema "e" vivyo hivyo. Si mapambo: schon ni "tayari" na schön ni "-zuri". Kosa jingine linatoka kwenye saa zetu. Saa moja asubuhi si ein Uhr, ni sieben Uhr. Anayefasiri neno kwa neno anafika kwenye miadi saa sita kabla au baada. Na namba husomwa kinyumenyume: 25 ni "tano na ishirini", fünfundzwanzig, kama Waarabu wanavyosema. Ukiandika namba ya simu kwa kusikia, subiri jozi ikamilike kabla ya kuandika tarakimu.

Nusu ya maneno ya mwanzo utasaidiwa na Kiingereza cha shule, kwa sababu Wasser na water ni ndugu, trinken na drink pia. Na "shule" yenyewe ni neno la Kijerumani, kama "hela" iliyotokana na sarafu yao ya Heller.

Kichina: sarufi nyepesi, sauti nzito

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Mimi nunua, yeye nunua, jana nunua, kesho nunua. Hakuna wingi wa kuhangaikia wala jinsia katika yeye, kwani tā ni sauti moja kwa wote. Nomino zikihesabiwa hudai neno la kati linalofuata umbo au aina: vitabu huhesabiwa kwa běn, vitu bapa kama karatasi kwa zhāng, virefu vyembamba kama samaki na suruali kwa tiáo. Mzungu analalamika, sisi tuliozoea ngeli tunatabasamu.

Kazi iko kwenye toni nne. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na jozi kama barabara, njia, na barabara, sawasawa, ni za kuhesabika. Kichina ni hivyo kila neno. Mǎi, sauti ikishuka na kupanda, ni kununua. Mài, sauti ikishuka kwa kishindo, ni kuuza. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyesimama sokoni Yiwu akakosea hapo amegeuza biashara yake. Kumi ni shí na nne ni sì, hivyo 14 ni shísì na 40 ni sìshí. Usikubali bei ya mdomo. Mwombe muuzaji aiandike kwenye kikokotoo, na Wachina wenyewe hufanya hivyo. Wenye lugha ya nyumbani yenye toni, kama Kikuyu, Kihaya au Kilingala, wanaanza na sikio lililozoea. Wengine wajifunze toni kwa maneno mawili mawili tangu siku ya kwanza, kwani toni ya neno moja peke yake hubadilika ikikutana na jirani.

Herufi ni suala la hesabu. Katika mpangilio wa mitihani ya HSK uliozoeleka wa ngazi sita, ngazi ya kwanza ina maneno 150, ya nne 1,200, ya sita 5,000. Ngazi mbili za mwanzo zina maandishi ya kilatini pembeni. Kuanzia ya tatu yanaondolewa, na hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu waliegemea kilatini wakasahau herufi. Tangu 2021 upo mfumo mpya wenye ngazi tisa, basi uliza mapema kituo chako kinafanyisha upi.

Kifaransa: kwanza soma, kusikia kutafuata

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi walihitimisha kuwa sasa Kifaransa ni lazima. Nusu ni kweli. Goma, Bukavu na Lubumbashi mtu anauza, anabishana na anaomba radhi kwa Kiswahili. Kifaransa kinakuja pale karatasi inapotokea: facture ni ankara, douane ni forodha, poids brut ni uzito wa mzigo pamoja na vifungashio vyake. Dereva au wakala wa forodha anahitaji kusoma aina 20 hivi za nyaraka kwa uhakika, na hilo kwa anayejua Kiingereza ni kazi ya miezi mitatu au minne, si miaka. Bujumbura pia karatasi nyingi utazikuta hivyo. Tena huko, kama Ubelgiji, 70 ni septante na 90 ni nonante, si ile "sitini na kumi" ya Paris inayofundishwa kwenye vitabu.

Kusikia ndiko kugumu. Parle na parlent zinasikika sawa. Ils ont, wanayo, na ils sont, wao ni, zinatofautiana kwa z na s tu. Kosa kubwa la msemaji wa Kiswahili ni kuandika matamshi kwa tahajia yetu, "ilizo", "ilso". Kwa Kihispania mbinu hiyo haidhuru sana. Kwa Kifaransa inafunga sikio, kwa sababu bain, banc na bon zote zinaishia daftarini zikiwa "ba" au "bo".

Saa zako na cheti chako

Kikorea sijakisahau. Maandishi yake, yaliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446, yana herufi za msingi 24 na mtu makini huzisoma ndani ya wiki. Vitenzi hubadilika kwa heshima kulingana na unayemwambia, jambo ambalo aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haoni ajabu. Ila wapenzi wa tamthilia waelewe kwamba lugha ya wapendanao kwenye skrini ukimwambia profesa ni utovu wa adabu. Wanaolenga ufadhili wa serikali ya Korea au Uturuki wajue kwamba kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa lugha, kule kule, unalipiwa. Hao hawana haja ya kujichosha mpaka B2 nyumbani. Herufi, salamu na maneno 500 yanatosha kuingia darasani bila kushikwa na kizunguzungu.

Kwa anayejisomea, dakika 45 kwa siku zikigawanywa vizuri zinafanya kazi: 15 za kadi za maneno kwenye simu, 20 za kusikiliza, 10 za kuandika au kusema. Kadi mpya zisizidi 10 kwa siku. Anayeweka 30 hufurahi wiki mbili, wiki ya tatu deni la marudio linamlemea anaacha kabisa. Za kusikiliza zitumie hivi: chagua kipande cha dakika moja, kisikilize mara tatu bila maandishi, andika ulichosikia, linganisha na maandishi halisi, zungushia ulipokosea, kisha soma kwa sauti sambamba na msemaji mpaka mwishe pamoja. Kipande kimoja kinaweza kula siku tatu. Programu za simu zenye michezo na alama ni nzuri kwa wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo nyingi hukupa raha ya kubonyeza kuliko uwezo wa kuzungumza. Na maelezo ya sarufi yaandike upya kwa Kiswahili katika daftari lako, kwa sababu kitabu kilichoandikwa kwa Mwingereza kitakutumia kurasa nne kukueleza upatanisho na mstari mmoja kukuambia kuhusu vibainishi. Wewe unahitaji kinyume chake.

Cheti nacho kina tarehe zake. Matokeo ya TOPIK ya Kikorea hudumu miaka miwili, na ya HSK huhesabiwa hivyo hivyo kwa maombi ya chuo. DELF ya Kifaransa haiishi muda. Ina sehemu nne za alama 25 kila moja, unafaulu kwa 50 mradi usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Cheti cha Goethe hakina tarehe ya mwisho, lakini anayekipokea, iwe ubalozi au mwajiri, anaweza kutaka kisizidi mwaka mmoja. Kwa hiyo usifanye mtihani mapema kwa furaha ya kumaliza ilhali nyaraka nyingine bado. Katika B1 na B2 za Goethe sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, zinasahihishwa kila moja kwa alama 100 na kila moja inadai 60. Aliyepata 85 katika kusoma na 54 katika kusikiliza hajafeli mtihani mzima: anairudia kusikiliza peke yake, analipia sehemu hiyo tu, na wiki zilizobaki anaziweka zote masikioni.